Mwanagenzi wa bodi: jina la kiti kisicho na kura

Katika bodi nyingi za Australia na Uingereza kuna kiti ambacho Kiingereza hukiita board observer. Anayekikalia hupewa makabrasha yale yale wanayopewa wajumbe, huhudhuria kikao tangu kufunguliwa hadi kufungwa, na huweza kusema mwenyekiti akimruhusu. Kura hana, na akidi haimhesabu. Nchini Australia viti vya namna hii hutengwa pia kwa ajili ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ili wajifunze kuendesha taasisi kabla ya kuingia katika ujumbe kamili. Mfasiri mwenye haraka ataandika "mwangalizi wa bodi", na huenda mhariri asimkemee. Mimi naona neno hilo limekosea mahali penye uzito, na kwamba kosa lenyewe linaweza kuwagharimu watu wa mwambao wa Ziwa Victoria, ambao wana kamati zinazokihitaji kiti hicho leo. Neno linalofaa ni mwanagenzi wa bodi.

Mwangalizi, kwa msikilizaji wa Kiswahili, ana sura yake tayari. Kenya ikifanya uchaguzi mkuu, waangalizi hutoka Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, huzunguka vituoni, kisha huwaita waandishi wa habari na kutoa tathmini yao. Tarehe 29 Novemba 2012 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipa Palestina hadhi ya nchi mwangalizi isiyo mwanachama, kwa kura 138 dhidi ya 9. Katika makampuni, mwekezaji aliyetia fedha zake huweza kudai kiti cha uangalizi ili ajue mali yake inakwendaje. Wote hawa wametumwa, au wana nguvu iliyo nje ya chumba cha mkutano. Mwaborijini aliyepewa kiti cha kujifunzia hakutumwa kumkagua mtu. Amekuja kuchota ujuzi. Tukimwita mwangalizi, wenye bodi watajiuliza ametumwa na nani, watapima maneno mbele yake, na mambo yenyewe aliyokuja kujifunza yatazungumzwa akishaondoka.

Tuyaone haya Kombewa, makao makuu ya kaunti ndogo ya Seme, Kaunti ya Kisumu. Fukwe za Seme, kama Asat na Kaloka, huendeshwa na kamati ambazo kila mtu huziita BMU, yaani vitengo vya usimamizi wa ufuo. Mwongozo wa pamoja wa Kenya, Uganda na Tanzania wa mwaka 2005 ulitaka kila kamati tendaji iwe na watu 9 hadi 15, na ukagawa viti: asilimia 30 wenye mitumbwi, asilimia 30 baria, yaani wavuvi wanaofanya kazi mitumbwini, asilimia 10 wachuuzi wa samaki, na asilimia 30 mafundi wa mitumbwi, washona nyavu na wengineo, huku wanawake wasipungue watatu. Kenya ikatunga kanuni zake mwaka 2007. Mgawanyo huo una haki ndani yake, ila haki ya kukalia kiti haiji pamoja na ujuzi wa kukikalia. Mchuuzi wa omena, yaani dagaa, ambaye kila alfajiri hukadiria karai kwa jicho na kujua atabakiwa na shilingi ngapi, akiingia kamatini anaweza kukuta mjadala ni kwa Dholuo na kumbukumbu zimeandikwa kwa Kiingereza, na mapema kabisa katika ajenda kuna kipengele kiitwacho yatokanayo. Anayekijua anajua kuwa hapo ndipo ahadi za kikao kilichopita huulizwa: fedha za kukarabati choo cha ufuo zilitoka? Risiti iko wapi? Nani aliidhinisha? Asiyekijua hudhani ni sehemu ya kusomewa, hutikisa kichwa, na kumbukumbu huthibitishwa kwa jina lake. Kisha huja taarifa ya mweka hazina: mapato, matumizi, salio. Kuuliza kama salio hilo linalingana na taarifa ya benki ni kazi ya nukta chache, lakini huenda mtu akahitaji vikao kadhaa kujua kwamba swali hilo lipo na kwamba ana haki ya kuliuliza. Ujuzi huo ni bora upatikane kabla ya uchaguzi, wakati kosa la anayejifunza halijagusa fedha za ufuo.

Kwa wachuuzi wanawake jambo hili lina uzito wa pekee. Mwambao huu unaijua jaboya, ule mtindo wa mvuvi kumtaka mchuuzi ngono ndipo amuuzie samaki, na madhara yake kwa afya na heshima ya wanawake yameumiza familia nyingi mno. Kamati ya ufuo ndiyo chombo cha karibu kabisa kinachoweza kuweka utaratibu wa kuuza samaki unaomlinda mchuuzi. Mwanamke mmoja anayejua kuandika hoja, kuifikisha kwa katibu mapema na kudai iingizwe katika ajenda anaweza kufanya mengi kuliko watatu walioingizwa ili kukamilisha hesabu.

Kiti cha aina hii si kigeni katika sheria za Kenya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaiweka nafasi ya mwakilishi wa baraza la wanafunzi katika bodi ya usimamizi ya shule, kwa wadhifa wake. Ibara ya 56 ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali iweke mipango ya kuwawezesha walio wachache na jamii zilizotengwa kushiriki katika utawala. Mfano wa Kenya ulio karibu zaidi na ule wa Waaborijini ni Waogiek wa msitu wa Mau. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliwapa ushindi katika kesi yao dhidi ya Serikali ya Kenya tarehe 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara mengine, fedha ziwekwe katika mfuko wa maendeleo ya jamii wenye kamati ambayo Waogiek wenyewe wamo. Ukishinda kesi ya namna hiyo, kazi inayofuata ni ya kikao: bajeti, kumbukumbu, mgongano wa maslahi. Watu wa kuifanya lazima waandaliwe mahali fulani.

Mwanagenzi ni neno letu la zamani kwa anayejifunza kazi kwa kuifanya, chini ya mtu aliyeizoea, na Tanzania imelipa uhai mpya kwa mafunzo ya uanagenzi yanayotolewa kwa vijana. Ndani yake mna fundi anayewajibika kufundisha, mna muda wenye kikomo, na mna kufuzu. Majina mengine yanayoweza kupendekezwa hayana hayo: mtazamaji ni wa uwanja wa mpira, na msikilizaji amefungwa mdomo kabla hajaketi. Lipo pingamizi ninaloliheshimu: mama aliyeuza samaki miaka ishirini atajisikia amedunishwa akiitwa mwanagenzi mbele ya watu aliowazidi umri, na kando ya ziwa umri una hadhi yake. Lakini jina linataja kazi anayojifunza, nayo ni ya bodi; katika biashara ya samaki yeye ndiye bingwa, na wajumbe wana mengi ya kumuuliza. Baria hodari wa nyavu akipewa chombo chenye injini kwa mara ya kwanza huketi kando ya anayeijua, wala hapungukiwi heshima. Likiendelea kuuma, iandikwe "mjumbe mwanagenzi", na maana haitapotea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kiti kisicho na kura ni kiinimacho, njia ya kuwaweka watu chumbani bila kuwapa kitu. Kombewa ina sababu ya kulipima hilo kwa makini. Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Walter Reed, taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, kilichopo hapo kilikuwa kimojawapo cha vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria, RTS,S, lililoanza mwaka 2009 na kuhusisha watoto 15,459. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo tarehe 6 Oktoba 2021, na familia za Seme zina sehemu yao katika mafanikio hayo. Tafiti za namna hii huwa na kamati za ushauri za jamii, na ushauri wao una thamani ya kweli. Ila mtu anaweza kushauri miaka kumi asikaribie hata siku moja meza inayoamua. Kwa hiyo nakubaliana na wenye shaka katika jambo moja bila masharti: pale ambapo sheria imekwisha kumpa mtu kura, kama wale wanawake watatu wa kamati ya ufuo, kumpa kiti cha uanagenzi badala yake ni kumshusha, na asikubali. Kwingineko, jina lenyewe ni kinga yake. Mwangalizi anaweza kuangalia maisha yake yote na hakuna ahadi iliyovunjwa. Mwanagenzi ana haki ya kuuliza nafuzu lini, nani ananifundisha, na nikifuzu nagombea kiti kipi. Bodi isiyo na majibu itakuwa imejianika yenyewe.

Siri za vikao zisiwe kisingizio. Mwanagenzi atie sahihi kiapo cha kutunza siri kama mjumbe yeyote, na atoke nje yanapojadiliwa mambo ya mfanyakazi mmoja mmoja.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa BMU za Seme na bodi za shule za Kombewa: kabla ya uchaguzi ujao, wekeni katika taratibu zenu nafasi mbili za wanagenzi, moja ya baria kijana na nyingine ya mchuuzi mwanamke kwa upande wa fukwe, kwa muda wa mwaka mmoja, kila mmoja akiwa na mjumbe aliyetajwa kwa jina wa kumfundisha. Wapeni taarifa ya fedha wiki moja kabla ya kikao, kwa lugha wanayoisoma. Nanyi wafasiri, mkiletewa waraka wa kiti hicho, mwacheni mwangalizi abaki kwenye kituo cha kupigia kura.