Filamu za Vugiri na Mtazamaji Aliyedharauliwa

Ubovu wa filamu hutafutwa kwanza katika vifaa, yaani picha hafifu au sauti inayokwaruza, lakini historia ya sinema ya mafunzo Afrika Mashariki inaonyesha chanzo kizito zaidi: dharau kwa mtazamaji. Mwaka 1935 Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, wakifadhiliwa na shirika la Carnegie la New York, walianzisha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na matumizi ya fedha, na hadi ulipokoma mwaka 1937 ulikuwa umetoa filamu 35, zilizozungushwa kwa lori vijijini kuanzia Kenya na Uganda hadi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Vifaa vilikuwa duni kweli. Picha zilipigwa bila sauti kwenye ukanda mwembamba wa milimita 16, na maneno yakarekodiwa kando kwenye santuri, yaani sahani ya gramafoni, ili lugha iweze kubadilishwa kulingana na eneo; sindano ikiruka kidogo tu, picha na maneno vinaachana. Kasoro hiyo ingevumilika kama hadithi zingekuwa na uhai. Katika filamu ya Benki ya Akiba ya Posta, mmoja anaweka fedha zake posta na mwenzake anazifukia ardhini zikaibwa: mhusika amegeuzwa kielelezo cha busara au cha upumbavu, na mtazamaji anaujua mwisho mapema.

Dharau hiyo ikawa kanuni baada ya mwaka 1939, Uingereza ilipounda Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya Nigeria. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo kamera isihangaike na kila tendo lifuatwe hatua kwa hatua. Chini ya kanuni hiyo, mtu anayekwenda sokoni hana budi kuonekana akitoka mlangoni, akishika njia na kufika, ilhali ni uhariri, yaani ufundi wa kukata na kuunga picha, unaoipa filamu mwendo wake. Tena mjini Zanzibar, ambako Royal Theatre ilifunguliwa mwaka 1921, watu walikuwa wakilipa kiingilio na kufuatilia bila shida filamu za Marekani na India miaka mingi kabla kitengo hicho hakijaundwa.