Kuporomoka kwa demokrasia Tunisia

Kuporomoka kwa demokrasia Tunisia ni mchakato ulioanza mwaka 2021, ambapo Rais Kais Saied alijilimbikizia madaraka yaliyokuwa yamegawanywa kati ya serikali, bunge na mahakama. Miaka kumi kabla yake, umma ulikuwa umemng'oa madarakani Rais Zine El Abidine Ben Ali, na katiba ya 2014 ilisifiwa kote duniani.

Saied, mhadhiri wa sheria, alichaguliwa kwa kura nyingi mwaka 2019. Tarehe 25 Julai 2021, wananchi wakiwa wamechoshwa na ugumu wa maisha, UVIKO-19 na malumbano ya wabunge, alimfukuza waziri mkuu na kusimamisha bunge. Mwaka 2022 alivunja Baraza Kuu la Mahakama, akawafuta kazi majaji 57, kisha akapata katiba mpya kwa kura ya maoni iliyoshirikisha takriban asilimia 30 tu ya wapiga kura. Amri Na. 54 ya mwaka huo, inayoadhibu uenezaji wa habari za uongo, imewapeleka gerezani waandishi na mawakili. Mwaka 2024 alishinda tena kwa zaidi ya asilimia 90, mmoja wa wapinzani wake akiwa kifungoni.

Tunisia inaonyesha kwamba aliyeingia ikulu kwa kura halali anaweza kuibomoa demokrasia kwa saini yake, hasa pale wananchi waliokata tamaa wanapomshangilia.