Mapokeo ya umma kwa sherehe za kutawazwa kwa wafalme, magharibi mwa Ziwa Victoria

Mapokeo ya umma kwa sherehe za kutawazwa ni namna watu wa kawaida wanavyoshangilia, kutilia shaka au kukataa kusimikwa kwa mtawala. Makala hii inahusu nchi za kale za Karagwe na Buhaya, ambazo leo zimo mkoani Kagera, Tanzania, kuanzia Bukoba na Muleba hadi visiwa kama Goziba, pamoja na falme jirani za Buganda na Ankole nchini Uganda. Historia ya eneo hili inaonyesha kuwa fahari ya sherehe hupata nguvu pale tu watu wanapoikubali.

Karagwe

Mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange, makao makuu ya Karagwe, akasimuliwa na Mkama (mfalme) Rumanyika jinsi alivyomrithi baba yake, Ndagara. Wana watatu walikuwa wakidai kiti. Wakuu wa nchi wakaweka mbele yao ngoma ndogo iliyotiwa dawa. Ndugu zake hawakuweza hata kuisogeza, lakini Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo cha mkono. Hata hivyo, ishara hiyo haikumaliza ugomvi. Rogero, mmoja wa ndugu hao, alipata wafuasi akashika silaha, na Rumanyika alimshinda kwa msaada wa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kaze, yaani Tabora ya leo.

Buhaya

Buhaya haikuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na dola kadhaa, zikiwemo Kiziba, Bugabo, Kyamutwara, Bukara, Kihanja na Ihangiro, ambayo sehemu kubwa yake imo katika Wilaya ya Muleba. Nyingi zilitawaliwa na ukoo wa Wahinda, na Kiziba na Wabito. Ngoma za kifalme ziliheshimiwa kama utawala wenyewe.

Baada ya Emin Pasha kujenga boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890, Mkama hakuweza tena kukaa kitini bila ridhaa ya serikali ya kikoloni, na heshima yake mbele ya raia ikaanza kupimwa kwa vipimo vipya. Kero kubwa ilikuwa nyarubanja, mfumo ambamo Mkama aliwagawia wakubwa ardhi pamoja na waliokuwa wakiishi juu yake. Wakazi hao wakawa watwarwa, wenye kutoa ndizi, pombe na kazi kwa mwenye shamba. Bukoba Bahaya Union, iliyoanzishwa mwaka 1924, ilifungua njia kwa wasomi na wakulima wa kahawa kuhoji mamlaka hayo hadharani.

Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na sheria ya mwaka 1965 ikawapa watwarwa njia ya kumiliki mashamba yao. Kagera haikupata harakati za kurejesha wafalme zinazolingana na zile za Buganda.

Buganda na Ankole

Mwezi Mei 1966 jeshi la Uganda lilivamia kasri la Kabaka (mfalme) wa Buganda, Mutesa II, na katiba ya mwaka 1967 ikafuta falme zote. Mutesa alifia uhamishoni London mwaka 1969. Kwa hiyo mwanawe, Ronald Muwenda Mutebi II, alipotawazwa katika kilima cha Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai 1993, maelfu ya Waganda walikuja kumwona Kabaka na pia kuona jeraha lao likitibiwa. Vita vya kuigiza vilikumbusha ushindi wa Kintu, Kabaka wa kwanza katika simulizi, dhidi ya mpinzani wake Bemba, Kabaka akavishwa lubugo, nguo ya gome la mti, na ngoma za kifalme za Mujaguzo zikapigwa.

Ankole mambo yalikwenda vingine. John Barigye alitawazwa kuwa mfalme Novemba mwaka huohuo, lakini serikali ikatangaza kuwa tendo hilo ni batili. Wananchi wenyewe walikuwa wamegawanyika. Wengi wa Wairu, ambao ni wakulima, waliuona ufalme kama kurudi kwa ubwana wa Wahima wafugaji.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilizingatia somo hilo. Ibara ya 246 inaruhusu kiongozi wa jadi kuwepo kulingana na mila na matakwa ya watu wa eneo husika. Inakataza mtu kulazimishwa kumtii au kumchangia, na inamzuia kiongozi huyo kushiriki siasa za vyama.

Tanzania ya leo

Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa huko Magu, mkoani Mwanza, kuwa mkuu wa machifu kwa jina la Hangaya. Tukio hilo lilirudisha uchifu katika mazungumzo ya umma: wapo walioliona kama heshima kwa mila, na wapo waliouliza nafasi ya machifu katika jamhuri.

Tathmini

Tofauti ya mapokeo haitokani na wingi wa ngoma. Waganda wengi walimkumbuka Kabaka aliyenyang'anywa kiti kwa mtutu wa bunduki. Watwarwa wa Buhaya walikumbuka mzigo wa nyarubanja, na Wairu wa Ankole walikumbuka ubwana. Mtafiti anayetaka kuelewa shangwe au ukimya wa umati aanze na historia ya ardhi na kodi ya mahali husika, kwa sababu ndiko raia alikoujua utawala kila siku.