SIMU NZIMA, WHATSAPP IMEGOMA! HISTORIA YA SIMU "KUZEEKA" AMBAYO MUUZAJI HAKWAMBII

Leo umbea wa mastaa tuuweke pembeni kidogo. Kuna jamaa mmoja wa Katoro, jina kapuni, ana duara lake na simu ndiyo ofisi yake. Bei ya dhahabu anaangalia humo, picha za mawe anatuma humo, hela ya karasha inapita humo humo. Januari 2025 WhatsApp ikamgomea. Simu haina hata ufa kwenye kioo, chaji inakaa siku nzima! Fundi akaigeuza mara mbili akamwambia, "Kaka, simu yako imezeeka, tafuta nyingine."

Hilo neno "imezeeka" ndilo limenikalisha chini kuandika. Simu siyo ng'ombe. Kilichotokea ni kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kuhudumia Android 4.4 kushuka chini. Na siyo mara ya kwanza: Android 2.3 ilikatwa Februari 2020, 4.0 ikafuata Novemba 2021. Utasema basi si angepandisha tu kwenda Android 5? Hapo sasa ndipo penye historia yenyewe.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika Linux, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL: chukua, badilisha utakavyo, lakini ukimpa mwingine lazima umpe na msimbo wake ausome. Google wakainunua Android 2005, ikajengwa juu ya kiini hicho, na simu ya kwanza ikaingia sokoni 2008. Kwa hiyo kwenye karatasi, simu ya jamaa yetu ni mali ya wazi kabisa.

Tatizo ni draiva. Draiva ni mkalimani. Mfumo unasema "washa kamera", kamera haielewi, draiva inatafsiri. Kila chipu ina wakalimani wake, na watengenezaji wa chipu kama Qualcomm wa Marekani na MediaTek wa Taiwan wengi wao wamewatoa wakiwa wamefungwa. Leseni inalinda kiini, lakini sehemu kubwa ya draiva hizo imewekwa nje ya kiini, msimbo wake huuoni. Android mpya ikija, mkalimani wa zamani anabaki kakodoa macho. Aliyemwandika ashauza chipu yake, ana nyingine mpya ya kuuza, amfundishe upya wa nini? Ni kama umeuziwa karasha ambalo injini yake imechomelewa ndani ya boksi la chuma. Ikikorofisha, anayeweza kufungua ni aliyekuuzia tu, na simu yako hapokei.

Ndiyo maana mafundi wetu msiwalaumu sana. Wanajua kuflashi kuliko hata mimi ninayeandika hapa, lakini kuflashi mara nyingi ni kurudisha programu ile ile ya kiwandani. Ya juu zaidi hawana, kwa sababu aliyetakiwa kuitengeneza hakuitengeneza.

Mnakumbuka Juni 2016? TCRA walipozima simu feki, nchi nzima tunabonyeza *#06# na kutuma namba kwenda 15090. Watu wakamiminika madukani kutafuta simu halali. Sawa, ila IMEI halali haikuambii simu itapewa masasisho miaka mingapi, na hilo mpaka leo simsikii mtu akiliuliza dukani. Tunauliza kamera na chaji.

Kwamba inawezekana, inawezekana. Kampuni ndogo ya Uholanzi, Fairphone, ilitoa simu yake ya pili 2015. Qualcomm wakaacha kuihudumia chipu yake, wengine wangefunga duka hapo. Hawa wakashikana na kazi ya watu wa kujitolea wa LineageOS, mrithi wa CyanogenMod iliyokufa mwishoni mwa 2016, na mwaka 2021 wakaipa Android 9, baadaye hadi 10. Wakaihudumia mpaka 2023. Kampuni ndogo, chipu iliyotelekezwa, miaka 7.

Wakubwa wakaamka baadaye. Google wakaahidi miaka 7 kwa Pixel 8, Oktoba 2023, Samsung wakafuata na Galaxy S24, Januari 2024. Bei zake ndugu zangu tuziache. Na Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unalazimisha simu mpya zipate masasisho angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuzwa. Sheria hiyo ni ya soko la kwao, siyo ya dukani Kahama.

Halafu kuna hili linanichekesha kwa uchungu: ndani ya simu moja kuna dhahabu, kama gramu 0.03. Mchimbaji wa Geita anaambiwa atupe dhahabu kwa sababu ya programu!

Fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, tafuta tarehe ya sasisho la usalama. Iandike hapo chini na mji wako. Yangu inasoma Machi 2022, na nimeitoa kwenye boksi mwenyewe mwaka 2023.