Mbuzi, Ardhi na Jina la Mwenye Mali: Historia ya Ufugaji wa Wanawake katika Uwanda wa Imbo, Burundi

Kajaga ipo kaskazini-magharibi mwa jiji la Bujumbura, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kando ya barabara iendayo Gatumba hadi mpaka wa Kongo. Hoteli na nyumba za wenye uwezo zimepakana hapo na mashamba ya uwanda wa Imbo. Habari za wanawake wa Burundi na mbuzi wao huanzishwa, mara nyingi, kwenye misaada iliyofuata vita vya 1993 hadi 2005, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na historia. Makala haya yanarudi nyuma zaidi. Hoja yake ni kwamba mwanamke alipata nafasi kwa mbuzi kwa sababu mbuzi alidharauliwa, na kwamba kila hatua ya kumpandisha hadhi mnyama huyo imerudisha swali ambalo alisaidia kulikwepa, yaani swali la ardhi.

Katika Burundi ya wafalme, ng'ombe alikuwa lugha ya heshima. Kwa mkataba wa ubugabire, mkubwa alimpa mdogo ng'ombe, na mdogo akalipa kwa utumishi na utii. Inkwano, yaani mahari, nayo ilihesabiwa kwa ng'ombe. Mambo hayo yote yalikuwa ya wanaume. Sotoka ilipofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki na Kati mwanzoni mwa miaka ya 1890, iliyumbisha pia mahusiano yaliyofungwa kwa ng'ombe hao. Mbuzi, impene kwa Kirundi, alisimama pembezoni. Aliuzwa kukiwa na shida, akachinjwa bila sherehe kubwa, na samadi yake ikaenda kwenye migomba. Katika nchi jirani ya Rwanda mwanamke alikatazwa hata kuila nyama ya mbuzi, kwa madai kwamba angeota ndevu. Mwiko huo unaonyesha kwamba kumlisha mnyama na kufaidi mnyama yalikuwa mambo mawili.

Pamoja na ubugabire palikuwa na desturi nyingine, isiyoandikwa sana: kuragiza. Mwenye mnyama alimkabidhi mwingine amlishe. Mlezi alipata samadi na, kwa mapatano, mmoja wa watoto waliozaliwa. Hapakuhitajika shamba kubwa wala cheo. Desturi hii inastahili uzito kuliko inavyopewa, kwa sababu ndani yake mna kanuni ambayo karne moja baadaye ingeletwa na mashirika kama jambo jipya.

Utawala wa Kibelgiji haukujishughulisha na mbuzi. Katika Imbo ulianzisha makazi ya wakulima yaliyopangwa kwa viwanja, pamba ikiwa zao la lazima, na kiwanja kikapewa mkuu wa kaya, ambaye kwa fikra za wakati ule alikuwa mwanamume. Mke alilima pamba hiyo bila jina lake kuwamo popote. Baada ya uhuru wa 1962 mtazamo huo haukubadilika kwa haraka. Mradi wa mbuzi uliofadhiliwa na Ujerumani huko Ngozi katika miaka ya 1980 ulijali zaidi damu ya mnyama, kwa kuzalisha chotara wa Alpine, kama Mgeta ya Tanzania ilivyopokea mbuzi wa maziwa wa Norwei mwaka 1988. Chotara alitoa maziwa mengi, lakini alidai majani mengi.

Vita vilibadili mambo. Mwaka 1999 mamia ya maelfu ya wakazi wa Bujumbura Vijijini walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa kambini, wakaacha mashamba na mifugo. Waliorudi walikuta mazizi matupu, na wengi walikuwa wajane. Mbuzi alifaa kwa hesabu rahisi: mimba yake ni ya siku 150 hivi, huweza kuzaa mapacha, na bei yake humudika. Miradi ya kurejesha mifugo, ukiwamo ule wa IFAD ulioidhinishwa mwaka 2007, ilieneza mnyororo wa mshikamano: anayepewa mnyama humpa mwenzake mtoto wa mnyama huyo. Ni kuragiza iliyogeuzwa, kwani deni halirudi juu kwa mtoaji bali huenda kando kwa jirani. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoitwa Nawe Nuze viliwawezesha wanawake kulipia dawa bila kuuza mnyama mwenyewe.

Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 2017 ilivipa vikundi njia ya kuwa na utu wa kisheria. Mwanachama huandikwa kwa jina lake, jambo lenye uzito katika nchi ambayo Kanuni ya Watu na Familia ya 1993 humtaja mume kuwa mkuu wa kaya. Lakini mwaka uliofuata ulikuwa mgumu. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia nchini kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018. Kisha sheria ya Oktoba 2018 ikapiga marufuku mifugo kuzurura, ikiwapa wafugaji miaka 3 ya kujiandaa. Makusudi ya kulinda mazao na udongo yanaeleweka. Hata hivyo mbuzi aliyeishi kwa vichaka vya njiani na kingo za mito sasa anahitaji banda na majani ya kupandwa, na vyote viwili vinahitaji kiwanja.

Kiwanja hicho ni cha nani? Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi ya ardhi. Mila ndiyo huamua. Binti huweza kupewa igiseke, kipande cha kutumia maisha yake yote, kinachorudi kwa ndugu zake wa kiume. Huko Kajaga ziwa nalo limeongeza ugumu: maji yaliyopanda mwaka 2021 na tena 2024 yaliingia katika makazi, na ardhi kavu ikazidi kuwa adimu. Banda linalofaa huinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ikiwa ya fito zilizoachana ili kinyesi kidondoke chini. Mbuzi aliye juu ni wa mwanachama, kwa jina lake. Samadi iliyo chini hurutubisha shamba la mume au la kaka.