Kuku wa Chicken Run walikuwa maskwota

Wengi wenu mliona Chicken Run mkiwa watoto, mkacheka, mkasahau. Iangalieni tena mkiwa watu wazima. Mimi niliirudia nikiwa hapa Njoro, na sikuona katuni ya watoto hata kidogo.

Kwa wale hawajaiona: ni filamu ya mwaka 2000 ya studio ya Aardman, Bristol, iliyoongozwa na Peter Lord na Nick Park. Wahusika ni vikaragosi. Kinasogezwa kidogo, kinapigwa picha, kinasogezwa tena, mpaka picha zikifuatana unaona kuku anatembea. Kuku hawa wako kwa shamba la Bi Tweedy. Asiyetaga anachinjwa. Bi Tweedy akichoka na faida ndogo ya mayai, ananunua mashine ya kuwageuza wote kuwa pai. Kuku mmoja, Ginger, anataka kutoroka, lakini si peke yake. Anataka watoke wote.

Wachambuzi husema filamu hii inaigiza zile sinema za wafungwa wa Vita vya Pili vya Dunia, hasa The Great Escape ya 1963. Ni kweli. Kuna vibanda vya kambi, seng'enge, mbwa, gwaride la kuhesabiwa. Lakini hadithi imewekwa miaka ya 1950, na miaka hiyo Mwingereza hakuwa mfungwa wa mtu. Hapa Kenya, yeye ndiye alikuwa na funguo.

Turudi Njoro. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 hapa. Mashamba ya walowezi yalihitaji mikono, wakaja maskwota: unaishi kwa shamba la mzungu, unalima kijisehemu, unafuga mbuzi wako, na unalipa kwa jasho. Sheria ya 1918 ilitaka siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Shingoni ukavaa kipande. Miaka ya 1920 walowezi wakaanza kuondoa mifugo ya maskwota, na watu wakaipa operesheni hiyo jina la Kiswahili kabisa: kifagio. Sheria ya 1937 ikakaza zaidi. Baada ya vita, trekta zikaingia na skwota akaanza kuonekana mzigo. Sasa mkumbuke ile mashine ya pai. Thamani yako ni yai lako, na siku mwenye shamba akibadilisha biashara, wewe mwenyewe unakuwa bidhaa.

Kuna kitu kingine cha kuchekesha. Waelekezi wa Kasri la Lord Egerton husimulia kwamba mwenyewe alipiga marufuku wanawake, mbwa na kuku. Watalii hucheka. Jumba hilo lilikamilika 1954, mwaka ule ule Nairobi ilizingirwa kwa Operation Anvil na maelfu wakapelekwa kambini. J.M. Kariuki, mtoto wa maskwota wa Bonde la Ufa, alizungushwa kambi baada ya kambi kuanzia 1953 hadi 1960. Kule Hola, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Hizo kambi hazikuwa na kuku wa udongo.

Sasa falsafa yenyewe. Ginger anawaambia wenzake kwamba seng'enge ya pale shambani ni moja tu, nyingine iko vichwani mwao. Hapo nilimfikiria shosho wangu. Alizaliwa kwa shamba la mlowezi, na hadi leo akikaribia geti ya shamba kubwa anavuka barabara, anapita upande ule mwingine. Hakuna anayemfukuza. Mlowezi alishaenda kitambo.

Halafu kuna Rocky, jogoo Mmarekani anayeanguka kutoka angani. Kuku wote wanaamini atawafundisha kupaa. Baadaye wanapata kipande cha bango kilichokosekana: kumbe alikuwa anarushwa na mzinga kwenye sarakasi! Wasee, si hii ndiyo siasa yetu? Kila uchaguzi tunamngoja jogoo wa kutupaisha, hatuulizi mzinga ni wa nani.

Kinachowaokoa ni ndege wanayounda wenyewe, kwa mbao za vibanda vile vile walivyofungiwa, na wanaiendesha kwa kukanyaga pedali pamoja. Hilo watu wa huku walilijua kabla ya Aardman. Pale Olenguruone, miaka ya 1940, familia zilizotakiwa kukubali masharti ya serikali juu ya ardhi ziliapa kiapo cha umoja, zikakataa kwa pamoja. Mwaka 1950 zilikuwa zimefukuzwa zote. Ndege yao haikupaa siku hiyo, lakini kiapo kilisambaa Bonde la Ufa lote, na serikali haikuweza kukirudisha ndani ya uzio.

Wengi huzima filamu kuku wakishafika kwao, wakiwa huru. Msizime. Mwisho kabisa wako panya wawili, Nick na Fetcher, waliosaidia ukombozi kwa malipo ya mayai. Wamekaa wanapanga jambo: wafungue shamba lao la kuku, wapate mayai bila kikomo.

Uhuru wetu ulikuja 1963, na seng'enge nyingi za Bonde la Ufa hazikung'olewa, zilibadilisha mwenyewe tu. Bi Tweedy tunamjua, tumesomeshwa habari zake tangu shule ya msingi. Panya je? Huko kwenu ni akina nani?