Mzinga wa Kisasa wa Mwaka 1852

Neno "kisasa" limepewa kazi nzito katika misitu ya Katavi. Linatakiwa kutuaminisha kwamba sanduku la mbao ni la leo, na gogo lililotundikwa juu ya mti wa mtundu ni la jana. Katika semina na taarifa za ofisi, mizinga hugawanywa mafungu mawili tu, ya kisasa na ya kienyeji. Wenye adabu zaidi husema "ya asili". Lakini sanduku hilo lenye fremu za kuvuta na kurudisha, Lorenzo Langstroth alilipatia hataza huko Marekani mwaka 1852, Wajerumani hawajaitwaa Tanganyika. Kisasa gani hicho kilichozeeka kuliko reli ya Mpanda?

Ningependa Inyonga, makao ya Wilaya ya Mlele, pawe na makumbusho ya ufugaji nyuki wa jadi, na kazi ya kwanza ya makumbusho hayo iwe kulifuta neno "kienyeji" kwenye vibao vyake. Halielezi kitu. Mfuga nyuki mwenyewe husema mzinga wa gogo au mzinga wa gome, na tofauti kati ya hiyo miwili si ndogo. Wa gogo huchongwa, ukakombwa tumbo, ukatundikwa, ukadumu miaka mingi. Wa gome ni gome la mti wa miombo lililobanduliwa zima kuzunguka shina, na mti uliovuliwa gome hivyo hauponi tena, hufa umesimama. Neno "gome" linakupa habari hiyo papo hapo. Neno "kienyeji" linaificha, kisha linawatwisha wachongaji wa magogo lawama za wabandua magome. Istilahi mbovu huweza kumkosesha mtu haki yake msituni.

Halafu kuna "kufuga". Sera ya mwaka 1998 inasema ufugaji nyuki, na sheria ya mwaka 2002 vilevile. Sina ugomvi na sheria, iliyotupatia hata "hifadhi ya nyuki", yaani eneo zima la pori kutengwa kwa ajili ya mdudu. Ila mbuzi hufugwa: ana zizi, ana kamba, hulishwa. Nyuki wa miombo huja maua yakija na huhama akichoka, bila kuaga. Ndiyo maana mwenye mzinga hasemi amewaweka nyuki. Husema "wameingia", kama mwenye nyumba anayezungumzia wapangaji. Hata methali haikushauri ufuge nyuki ule asali, imekuambia uwafuate. Kazi ya binadamu katika lugha ya zamani ilikuwa kuchonga, kutundika na kurina, na kila kimoja kina ufundi wake. Kurina peke yake kunahitaji moshi, kamba, giza la usiku na moyo. Mrina asali ana jina lake tangu zamani. "Mfugaji nyuki" ni cheo alichopewa baadaye.

Si kila neno la ofisini ni baya. "Manzuki", mahali ilipotundikwa mizinga mingi pamoja, ni istilahi iliyofanikiwa hasa, na siri yake iko ndani yake: "nzuki" ndiye nyuki katika Kinyamwezi na Kisukuma, na ndiye huyohuyo aliyemo katika "wanzuki", pombe ya asali. Neno lilitoka kijijini, likavaa suti, likarudi bila kusahau kwao. Linganisha na "nyuki wasiouma", jina linalomtambulisha kiumbe kwa silaha asiyokuwa nayo, wakati watu wamekwisha kumwita nyuki mdogo na wakaelewana. Au "jana", mtoto wa nyuki ndani ya sega, neno fupi lililoko kamusini likisubiri kutumiwa huku tukihangaika na "lava".

Mzinga wenyewe umetembea zaidi ya yote. Wanyarwanda nao huuita umuzinga, na kwao kama kwetu jina hilo limepewa pia bunduki kubwa ya kivita. Nyuki walitangulia baruti, kwa hiyo ni bomba la chuma lililofananishwa na gogo lenye tundu, si kinyume chake. Rais akipigiwa mizinga 21, mchongaji wa Inyonga yumo katika heshima hizo japo hakualikwa. Kwamba mjini mzinga umekuwa chupa ya pombe kali, na kumpiga mtu mzinga ni kumwomba hela, hayo tuwaachie wa mjini.

Radovljica, Slovenia, wana makumbusho ya nyuki tangu mwaka 1959, na fahari yake ni vibao vya mbele vya mizinga vilivyochorwa picha. Mizinga ya Katavi haina picha. Ina majina, na mengi hayajafika kwenye Kiswahili: Wakonongo, Wapimbwe na Wabende wanayo ya kwao kwa kifuniko, kwa tundu la kuingilia, kwa kamba ya kupandishia. Makumbusho yaanze kwa kuwauliza wazee, kibao kiandikwe kwa lugha yao juu na Kiswahili chini. Sanduku la Langstroth nalo lipewe nafasi, pale penye vitu vya kale kutoka nchi za nje.